Gramafoni ya Jumapili

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imegeuka pambo. Nikipiga, inaita mpaka inachoka. Nikituma ujumbe unanijibu "nzuri" au "sawa", maneno ambayo hata kasuku angeyatoa bila kutoka jasho. Basi soma karatasi.

Mimi mzima. Kazi ya mapazia inakwenda. Wiki hii nashona ya ukumbi wa shule, kitambaa kizito kama blanketi, na cherehani inagoma kila inapofika kwenye pindo. Wifi hajambo? Pacha wako je, bado wanagombea upande wa kitanda?

Mama ameniambia anahamia kwako mwezi ujao, na kwamba baadhi ya vitu vyake vimetangulia, pamoja na gramafoni ya Baba na santuri zake. Hapo ndipo penye ombi langu. Siku moja iwashe, weka santuri moja baada ya nyingine, nirekodie kwa simu unitumie. Mikwaruzo hainisumbui. Juzi nilikuwa nakata kitambaa nikajikuta naimba ule wimbo wa mwanamume anayemngoja mkewe kituoni mpaka chai inapoa. Ubeti wa pili ukanitoka. Nimeutafuta kichwani, mpaka leo haujarudi.

Unazikumbuka Jumapili? Baba ametoka kuoga, anaifuta santuri kwa kitambaa laini, anaishusha sindano kama anayemlaza mtoto. Mara sauti inajaa nyumba nzima, vikombe vinalia kabatini. Mama anacheza na mwiko mkononi. Baba mwenyewe hachezi. Anasimama, kiganja juu ya kabati la gramafoni, macho kwenye miguu ya Mama, anatabasamu. Sijapata kuona mtu aliyependa muziki kama Baba. Mambo yakinielemea huku, narudi pale kwa mawazo, nakaa kidogo, natulia.

Nifanyie hilo tu.

Dada yako


15 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Simu ina kasoro kwenye spika, nitaipeleka kwa fundi nikipata nafasi. Huku wote wazima, na pacha wanaendelea na vita vyao.

Gramafoni nimeiwasha, nisije nikaitwa mkaidi. Pole, dada. Santuri zimekwisha. Nimejaribu nne. Hakuna wimbo mle, kuna mdundo tu, du, du, du, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Waimbaji wamefutika. Nimesafisha sindano, hali ni ileile. Vumbi limekula kila kitu.

Kwa hiyo sioni la kurekodi. Ila kabati lake ni mbao ngumu, ya aina ambayo siku hizi tunaisikia tu ikisimuliwa. Nimeamua nitoe mashine, nitie rafu mbili, liwe kabati la vyombo la Mama. Atalifurahia zaidi kuliko gofu la gramafoni.

Kazini kuna vituko. Mwalimu mmoja wa kike aliagiza rafu. Nikamtengenezea rafu safi ya viatu, yenye mteremko na matundu ya kupitisha hewa. Alipokuja kuichukua akashika kiuno: "Fundi, mimi nilisema rafu ya vitabu!" Wateja wa siku hizi wakilala wanasema hili, wakiamka wanasema lile. Mwenzangu wa karakana, yule tunayemwita Vanishi kwa harufu yake, alicheka mpaka akakaa chini kwenye takataka za randa.

Mdogo wako,
Fundi


26 Februari

Wewe,

Salamu nitakupa mwishoni kama bado nitakuwa nazo.

Nani amekupa ruhusa ya kupasua kabati la Baba? Rafu mbili! Vyombo! Santuri zilikuwa zinaimba mwaka juzi nilipomtembelea Mama. Nilizisikia kwa masikio yangu haya. Vumbi la miaka miwili limefuta waimbaji wote, likabakiza ngoma? Hilo vumbi lina akili sana.

Sema kweli: umemuahidi mtu hilo kabati? Au ni uvivu wa kurekodi? Kama hutaki, sema hutaki. Tangu utoto nakuambia jambo, linaingia huku linatokea kule. Sikio la kufa halisikii dawa. Na nikukumbushe lingine, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Usiiguse mpaka Mama afike.

Salamu kwa wifi na watoto. Za kwako bado nazitafuta.

Dada yako


8 Machi

Dada, shikamoo.

Sijamuahidi mtu chochote, na mimi si mvivu. Nimekuambia nilichosikia.

Lakini kwa kuwa umeanza, nami niseme langu. Wewe una Jumapili zako, mimi nina zangu. Wewe ulikuwa umeshakwenda kujifunza kushona, huku nyuma tumebaki watatu. Nilikuwa naingia darasa la pili. Nikaokota vipande vya mbao nikaunda kigoda, cha kwanza maishani mwangu. Kilikuwa na miguu mitatu, mmoja mfupi. Nikakibeba mpaka sebuleni. Baba yuko kwenye gramafoni yake, kanipa mgongo, kiganja juu ya kabati, Mama anapitapita mbele yake na mwiko. Nikamwita. "Baba." Kimya. "Baba, tazama." Kimya. Nikaita mpaka sauti ikanikauka. Hakugeuka. Anatabasamu na nyimbo zake. Mama ndiye aliyekuja akanishika mkono, akaniambia, "Baba amechoka, mwanangu, usimsumbue."

Siku nyingine nyingi zilikuwa hivyohivyo. Muziki aliusikia. Mimi hakunisikia. Ndiyo maana unapoandika kwamba hujapata kuona mtu aliyependa muziki kama yeye, mimi nakubaliana nawe kabisa. Niliona kwa macho.

Kabati sijaligusa. Mama ndiye mwenye mali. Akisema nisilipasue, basi.

Fundi


23 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujazoea kupata barua yangu, ninajua. Baba Pacha hajui kwamba nakuandikia. Nimekaa jikoni, chungu kiko motoni, ukiona doa la mafuta unisamehe.

Mama amefika Jumamosi, mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa safari. Kesho yake baada ya chai akaomba kitambaa laini. Akafuta gramafoni, akafuta santuri, akaweka. Wifi, inaimba! Waimbaji wote wamo, wazima kama walivyoingia. Ule wa mwanamume wa kituoni upo, na ubeti wa pili ndipo anapouliza mbeba mizigo kama treni ina mlango mwingine wa kushukia. Nimekuandikia wote nyuma ya karatasi hii.

Wanangu Kwanza na Pili wakaanza kucheza, Kwanza mbele, Pili nyuma, Mama katikati. Nami nikajitia. Baba Pacha akaingia kutoka uani, akakaa na kikombe chake, akatutazama, akauliza, "Mnacheza nini? Hiyo si imekufa?"

Nikadhani mzaha. Nikamwambia, "Hebu toka hapo, wimbo huu wote huusikii?" Akasema, "Nasikia mdundo."

Mama alisimama ghafla. Alimtazama kama mtu aliyekutana na sura anayoifahamu mahali asipoitegemea. Akamzunguka, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwita kwa lile jina la utotoni. Mara mbili, kwa sauti ya kawaida. Baba Pacha akaendelea kunywa chai.

Mama akaja jikoni akakaa, hata kulia hakulia. Halafu akanieleza jambo ambalo hajawahi kuwaambia nyie. Masikio ya mzee, baba yenu, yaliharibiwa na kinu cha kusaga nafaka alikofanya kazi. Yalianza kupungua mdogo wako akiwa anatambaa. Alipoanza shule, mzee hakuwa anasikia mtu asiyemwona. Mwenzake mmoja pale kinuni alifukuzwa kwa sababu hakusikia mkanda wa mashine ukilia kabla haujakatika. Basi wakaficha, mke na mume. Kazi ingekwenda, na nyinyi mngekula nini? Mama alijifunza kusimama mahali ambapo mzee angeona midomo yake. Sauti ya gramafoni ilipandishwa mpaka mwisho ili mtikisiko upande kwenye mbao, aupate kwa kiganja. Nyimbo alikuwa anazijua kwa moyo tangu zamani. Alichokosa ni kujua zimefika wapi. Hilo alilitazama kwenye miguu ya Mama.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unadhani kila Jumapili nilikuwa na hamu ya kucheza? Nilikuwa namsomea."

Wifi, nimekaa na mume wangu nikimwona mkaidi. Nimemsemesha jikoni akiwa amenipa mgongo, hakujibu, nikanuna siku nzima. Wanangu hawamwiti tena. Wakimtaka, wanakwenda kumvuta shati. Mimi niliona ni mchezo wao.

Mama ameniapisha nisimwambie mwanawe habari za mzee. Kuhusu wewe hakuniapisha.

Wifi yako,
Mama Pacha


3 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Hii ni mara ya nne naianza barua hii, na kikapu changu cha vipande vya vitambaa kimejaa karatasi. Acha niseme kama yanavyokuja.

Simu yako haina kasoro. Mwalimu alisema vitabu. Santuri zinaimba.

Usikasirike na mkeo. Yeye ndiye aliyeniandikia, na ameandika kwa uchungu, hakuandika kwa umbea. Nakuambia kitu ambacho Mama hataki ukijue, na akikasirika, kelele zake nitazibeba mimi. Baba alikuwa kiziwi. Kinu kile ndicho kilichomfanya hivyo. Ulipomwita sebuleni na kigoda chako, hakukusikia. Na huo muziki hakuusikia vilevile. Alikuwa anaushika kwa mkono na kuutazama kwenye miguu ya Mama. Waliogopa kazi isije ikapotea, wakatuficha sote. Mama alipokwambia Baba amechoka, alikuwa anakulinda wewe na kumlinda yeye kwa neno moja, na neno lenyewe halikutosha.

Mimi nimebaki na kazi ya kuzipanga upya Jumapili zangu. Ile sauti ya kujaza nyumba niliyoipenda, kumbe ni mtu anayetafuta kitu na hakipati. Nilikaa na pazia mapajani, sikushona hata mshono mmoja.

Lakini Baba amekwisha pumzika. Wewe uko kwenye msumeno kila siku. Msumeno una sauti yake ukianza kukwama kwenye mbao. Unaisikia? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Nenda kwa daktari wa masikio. Nitakuja nikusindikize ukitaka, nitafunga duka.

Yale maneno ya sikio la kufa, nayarudisha. Nilidhani nasema mzaha.

Dada yako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nimeandika hii fupi nikupe nafasi ya kunitukana kwa ufupi.

Dada yako


19 Mei

Wifi yangu,

Usishtuke, Baba Pacha ni mzima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Barua zako zote mbili amezisoma. Ya kwanza aliisoma akiwa amesimama, akaikunja akaiweka mfukoni, akaenda kazini. Nilimwandalia maji ya kuoga, akapita kama sipo. Ikawa hivyo wiki nyingi. Mama akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema, "Si mimi." Akasema, "Basi ni yule wa mapazia." Anakusubiri, jiandae.

Jumanne karakana ilipokea mzigo wa mbao ndefu, zikaegemezwa ukutani. Kamba ikalegea. Vanishi alikuwa upande wa pili, akapiga kelele, "Toka! Toka hapo!" Mtaa mzima ulisikia, mama muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara anasema aliangusha kikombe. Baba Pacha alikuwa ameinama anapima, hata hakuinua kichwa. Vanishi akaruka akamsukuma. Mbao zikamshukia Vanishi begani. Mfupa wa bega umevunjika. Daktari anasema utaunga, ila hatashika randa kwa muda mrefu.

Baba Pacha alikaa naye hospitali mpaka alipofungwa bandeji. Vanishi akamuuliza mbele yangu, uso kwa uso, bila hasira: "Ndugu yangu, hukunisikia?" Baba Pacha akasema, "Sikukusikia. Siku nyingi sisikii." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Vanishi akasema, "Ningejua, nisingepoteza pumzi kwa kelele, ningekuja moja kwa moja na teke."

Alhamisi anakwenda kwa daktari wa masikio. Amesema niende naye. Mama naye amevaa viatu tangu leo.

Wifi yako,
Mama Pacha


12 Juni

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Sina kisingizio. Ulisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, akavunjika mwenzangu. Kwa sasa nafanya kazi zake na zangu, na jioni nampelekea hesabu za siku nyumbani, ananisimanga kwa kila kiungo ambacho nimegundisha vibaya. Amepata cha kufanya.

Nilijua tangu zamani kidogo. Kwanza ndege walikwisha, nikadhani wamehama. Halafu watu wakaanza kunung'unika badala ya kuongea. Nikaona ni tabia za watu. Nilipoanza kuogopa simu ndipo nilipojiambia ukweli, nikaufungia. Nani atampa kazi fundi kiziwi? Kumbe Baba alijiuliza swali hilohilo, kwenye nyumba yetu ile, nami nipo hapo na kigoda namchukia.

Daktari alinifungia kwenye chumba kidogo, akanivisha vitu masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nilikaa. Nikaona hajaanza. Kupitia kioo nikamwona mke wangu amejiziba mdomo, nikaelewa kwamba ameshaanza zamani.

Sasa nimevaa mashine mbili ndogo nyuma ya masikio. Kelele, dada! Nyumba yangu ina kelele ambazo hakuna aliyeniambia. Mlango wa choo unalia kama mbuzi, na mimi ndiye seremala. Karakanani nazivua na kuvaa vizibo, daktari amenikataza msumeno bila hivyo. Nimechora mstari mwekundu sakafuni, mtu akinitaka asimame hapo nimwone. Wateja nimewaambia wote. Mmoja alikwenda kwa fundi mwingine. Yule mwalimu alirudi akaagiza meza, akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: MEZA.

Jumapili niliweka santuri zako, zote, mpaka ya mwisho. Waimbaji wamo, kweli. Nimekurekodia, Mama Pacha atakutumia. Sasa nikuambie jambo, usinikasirikie: siupendi muziki ule. Nilijaribu. Nilingoja kitu kinishike, nikaona wanaume wazima wanalalamikia treni. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hata yeye aliupenda kidogo tu, wa kupenda hasa alikuwa Baba.

Gramafoni naipiga msasa na kuipaka vanishi mpya. Naitengenezea kreti ya kusafiria. Ni yako. Mama amekubali.

Ila nina ombi. Wewe ulikuwa na Baba anayesikia. Miaka mingi, peke yako. Mimi sina hata siku moja ninayoikumbuka. Niandikie. Alikuwa vipi ukimwita? Mama nikimuuliza anaanza vizuri, halafu anakwenda kutazama chungu ambacho hakipo motoni.

Mdogo wako,
Fundi


21 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nimezipata nyimbo, nimezisikiliza nikiwa nashona. Nimezisikiliza kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza. Usipozipenda si dhambi. Nitazipenda kwa niaba ya wawili.

Sasa nakujibu.

Ukimwita alikuwa anaitika "Naam" kabla hujamaliza. Hata akiwa mbali, hata akiwa anaongea na watu. Nilikuwa namwita bila sababu, ili nisikie tu hiyo naam. Aliweza kunitambua nikirudi shule kwa mlio wa ndala zangu, na ndala moja ikikatika aliuliza kabla sijafika mlangoni, "Leo unatembea na mguu mmoja?" Jirani akikohoa, Baba alijua ni mume au mke. Mama alikuwa akisema nyumba hii haina siri, ina masikio ya mzee.

Lakini hayo yalikuwa yangu. Ngoja nikupe lako.

Ulizaliwa nyumbani, siku ya Jumapili asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa chumbani na mkunga, mlango umefungwa. Sebuleni tulikuwa Baba, mimi, Shangazi, na majirani wawili wanaongea bila kupumua. Mama mwenyewe ndiye aliyeita kutoka ndani, "Baba Mtoto, washa gramafoni, sitaki kujisikia ninavyolia." Akawasha. Siku hizo haikuwa ya kutikisa vikombe, ilikuwa sauti ya watu wa kawaida. Shangazi anasimulia habari za mtu fulani, majirani wanacheka, wimbo unaendelea. Mimi sikusikia chochote kutoka chumbani. Shangazi hakusikia. Baba akasimama.

Akaikamata sindano katikati ya wimbo, akaiinua kwa pupa, yeye aliyekuwa akitukataza hata kupumulia santuri. Ikakwaruzika, krrr. Shangazi akafungua mdomo kuuliza. Baba akainua mkono.

"Nyamazeni," akasema. "Nimsikie mwanangu."

Tukanyamaza wote. Ndipo na sisi tukakusikia, mbali, nyuma ya mlango. Baba akaenda akauegemeza uso wake pale mlangoni, macho amefumba. Shangazi akamwambia akae, mkunga atafungua akiwa tayari. Hakukaa. Ulilia muda mrefu, mdogo wangu, ulikuwa na mapafu ya kuuza. Naye alisimama palepale, akakusikiliza mpaka ulipomaliza.

Dada yako